KIWANJA CHA NDEGE KINATUHUSU SISI PIA
(Hotuba kwa wanachama wa Thika na Ruiru)



Labda mwauliza: sisi wa mashamba ya maua na viwanda tuna haja gani na kiwanja cha ndege? Haja iko. Maua tunayokata hupakiwa katika lori, hupelekwa Embakasi, kisha huruka kwenda Ulaya. Yakikosa ndege hunyauka, na tajiri huanza kupunguza watu.

Kiwanja cha Embakasi kilifunguliwa mwaka 1958. Jengo la abiria lililofunguliwa 1978 lilikusudiwa watu milioni 2 na nusu kwa mwaka; mwaka 2024 walipita zaidi ya milioni 8. Majengo yameongezwa, lakini njia ya kurukia ndege ni moja tu. Addis Ababa, wanaoshindana nasi, wana mbili. Njia moja ni kama bomba moja la maji mtaani: asubuhi kila mtu anataka kujaza debe lake. Kule Heathrow, London, kampuni iliyotumia asilimia 80 ya nafasi zake hupewa saa zile zile tena, mgeni hungoja. Basi mashindano hayo si huru kama tunavyoambiwa. Aliyetangulia ndiye mwenye soko.

Sasa sikilizeni vizuri. Wakubwa hulinganisha viwanja kwa kugawa idadi ya abiria kwa idadi ya wafanyakazi. Hesabu hiyo haisemi kweli yote. Tuchukue mfano. Viwanja viwili kila kimoja kina abiria milioni 1 na watu 1,000 kazini. Cha kwanza kimewaandika wote: abiria 1,000 kwa kila mtu. Cha pili kimeandika 400, na wafagiaji, walinzi na wapakizi 600 wako chini ya kontrakta: abiria 2,500 kwa kila mtu! Hakuna aliyetoka jasho zaidi. Watu wameondolewa daftarini tu, na mara nyingi mshahara wao umeshuka. Tena, ukihesabu abiria peke yao, mtu anayepakia maua yetu aonekana kama hana kazi.

Mwaka 2024 palikuwa na mpango wa kuikodisha Embakasi kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30. Wafanyakazi wa kiwanja waligoma tarehe 11 Septemba, wakihofia kazi zao. Tarehe 21 Novemba, baada ya mashtaka kutangazwa Marekani juu ya wakuu wa kampuni hiyo, Rais Ruto aliufuta mpango. Lakini msongamano haukufutwa. Njia ya pili yahitajika, nasi tusiipinge. Tuulize tu ni nani atakayeilipia.

Hata hapa kwetu, mkiambiwa kiwanda fulani kinatushinda, ulizeni mambo matatu: Ni nani waliohesabiwa? Ni kazi gani iliyoachwa nje? Na wale wa kontrakta wanalipwa nini? Msitie sahihi kabla ya kujibiwa.

Umoja ni nguvu.