Tai wa Stockholm na Mafuta ya Transfoma

Ujumbe wa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma ndio umeleta mada ya leo. Anauliza: "Mafuta ya transfoma yana sumu kweli, au tunatishwa tu ili yasiibwe?"

Fundi, swali lako limekuja kwa wakati wake. Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania na Kenya ziliuridhia mwaka 2004, uliweka mwaka 2025 kuwa ukomo wa kutumia vifaa vyenye kemikali ziitwazo PCB. Mafuta na taka zake zinatakiwa ziwe zimeshughulikiwa kwa njia salama kufikia 2028. Ukomo wa kwanza umeshapita. Jibu lako nitakupa, lakini nivumilie kidogo, maana linaanzia kwa tai.

Mwaka 1964, mkemia Søren Jensen wa Chuo Kikuu cha Stockholm, Sweden, alikuwa akipima DDT, ile dawa ya wadudu, katika samaki na ndege. Mashine aliyotumia hutenganisha kemikali na kuchora mstari kwenye karatasi. Kila kemikali hupandisha kilima chake, mahali pake. Jensen aliviona vilima vya DDT alivyovitarajia. Lakini pembeni yake kulikuwa na vingine, visivyo na jina. Akapima tena, vikarudi. Akabadilisha mnyama, vikarudi.

Watafiti wengi wangeviita uchafu wa mashine na kuendelea na kazi. Jensen hakuvipuuza. Mdharau mwiba mguu huota tende, na yeye mwiba huo aliufuatilia kwa miaka 2.

Kwanza alijaribu kuivunja hiyo kemikali kwa asidi kali ya salfuriki. Haikuvunjika! Msikilizaji, asidi inayounguza karibu kila kitu, na kemikali ikabaki vilevile. Kisha, na hapa ndipo ninapompenda mtu huyu, akaenda kwenye makumbusho ya viumbe, akaomba manyoya ya zamani ya tai. Akayapima. Kemikali ikaonekana hata katika manyoya ya tai wa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kabla DDT haijaanza kuuzwa kwa wakulima. Basi haikuwa DDT, wala mabaki ya DDT. Manyoya yaliyokaa kabatini miaka 20 yalitoa ushahidi ambao hakuna kiwanda kilichokuwa kimeutoa.

Tai mmoja aliyeokotwa amekufa visiwani karibu na Stockholm alikuwa na kemikali hiyo kwa wingi mno, kiasi kwamba Jensen alipata ya kutosha kuitambua. Ilikuwa PCB. Akapima nywele zake mwenyewe: ipo. Nywele za mke wake: ipo. Za binti yao mchanga, ambaye alikuwa bado ananyonya: ipo. Mwezi Desemba 1966 dunia ikapata habari.

Sasa jiulize: PCB ilitoka wapi? Ilikuwa ikitengenezwa kibiashara tangu 1929, kuanzia Anniston, Alabama, huko Marekani. Haishiki moto kirahisi, haipitishi umeme, haichakai, kwa hiyo ikajazwa kwenye transfoma na kapasita, ikatiwa kwenye rangi na plastiki. Dunia ilizalisha zaidi ya tani milioni 1. Na onyo lilikuwepo. Mwaka 1937, Cecil Drinker wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kemikali za aina hii zenye klorini zinadhuru ini. Lakini hatari ilihesabiwa kuwa ya mfanyakazi wa kiwandani. Nani aliyepima mto? Nani aliyepima samaki? Kuanzia 1929 hadi 1966 ni miaka 37 ya kuuza bila kujua mzigo unafikia wapi.

PCB huyeyuka kwenye mafuta, hivyo hujificha katika mafuta ya mwili. Samaki mdogo hula kidogo, samaki mkubwa hula wadogo wengi, tai hula wakubwa, na kila hatua kiasi kinapanda. Mama naye humpitishia mtoto kwa maziwa.

Halafu ikaja Japani, 1968. Kuku wapatao 400,000 walikufa baada ya kula chakula kilichochanganywa na mazao ya mafuta ya pumba za mchele. Miezi michache baadaye wakaugua watu waliopikia mafuta ya kiwanda hichohicho: chunusi nzito, macho yanayotoka uchafu, ganzi, na watoto waliozaliwa na ngozi iliyopiga weusi. PCB iliyokuwa ikipashia mafuta joto ilikuwa imevuja kwenye mabomba. Kuku walitangulia kusema, hawakusikilizwa.

Simu imeingia hapa. Msikilizaji anasema mtaani kwao wana kipimo: mimina mafuta ya transfoma kwenye maji, yakielea ni salama. Hapana, ndugu yangu! PCB tupu ni nzito kuliko maji, kweli inazama. Ila transfoma nyingi zina mafuta ya madini, na hayo yakichanganyika na PCB kidogo wakati wa matengenezo bado yataelea. Mkataba unatazama kuanzia miligramu 50 kwa kilo. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho, hakinuki. Ni maabara tu inayojua.

Kwa hiyo fundi, jibu ni hili: si kila transfoma ina PCB, lakini hutaijua isiyo nayo kwa kuangalia. Usiyashike mafuta yake kwa mikono mitupu, usiyachome moto, maana PCB ikiungua vibaya huzaa sumu kali zaidi. Na anayeyauza ya kukaangia chipsi anauza kisicho chakula, iwe kina PCB au hakina.

Sweden ilianza kuzibana PCB mwanzoni mwa miaka ya 1970, DDT nayo ikaondolewa, na taratibu tai wakarudi kuangua vifaranga. Katazo linafanya kazi, ila linachukua umri wa mtu. Ndiyo maana nasema, na nitarudia kusema: anayetaka kuuza kemikali isiyooza athibitishe kwanza usalama wake. Isiwe kazi ya mkemia mmoja kuigundua baadaye kwenye nywele za mwanawe.