Kinga yenye breki ya mafuta kwenye mteremko wa Kibumba

Maneno ya kikundi cha ufundi mbele ya wanachama, mkutano wa mwezi

Mlituomba tujibu swali moja: je, sanduku letu litoe makuta ya kununua breki za mafuta kwa kinga tunazojijengea nyumbani? Tutajibu. Ila mtuache tupite kwanza barabarani, juu jibu liko kule.

Mnajua namna tuliondoka. Mwaka 2022, vita ilipofika Kibumba, watu walishuka na godoro kichwani mpaka Kanyaruchinya. Februari 2025 kambi zikavunjwa, watu wakapanda tena njia ileile. Shamba walilikuta, hata kama lilikuwa limegeuka pori. Kinga na chukudu hawakuzikuta. Nyingine ziliuzwa kambini kwa kununua unga, nyingine zilibaki njiani, na mbao za chukudu, tuseme ukweli, zilipika maharagi ya watu. Sasa viazi vinatoka, shu zinatoka, na soko liko chini, Goma. Gari ni dola, na tangu benki zifunge milango mwishoni mwa Januari 2025, dola imekuwa kitu cha kutafuta na tochi. Kwa hiyo kijana anapata kadre ya zamani Birere, gurudumu kwa mtu mwingine, usukani kwa mtu wa tatu, anaunganisha yote nyuma ya nyumba. Kazi nzuri, tunaipenda. Lakini tukimuuliza, “Na breki iko wapi?” anatuonyesha kiatu.

Sasa tupige hesabu. Chukua mtu, chombo na mzigo, vyote pamoja kilo 350. Kwa chukudu hiyo si ajabu. Kila mara unashuka mita 100 za kimo, si za urefu wa njia, za kimo, breki yako inapaswa kumeza nguvu inayotosha kuchemsha karibu lita moja ya maji. Kutoka Kibumba mpaka mjini unashuka mamia ya mita. Ni sufuria nzima ya chai, mama, na moto wote huo unaingia kwenye kipande cha mpira kilicho chini ya kisigino cha mtoto wako. Ukishasikia harufu ya mpira ukiungua, ujue chai imeiva. Na njia yenyewe mnaijua: tangu lava ya 22 Mei 2021 ikate barabara upande wa Kibati, kuna sehemu ambapo jiwe jeusi bado linakata mipira sawa kisu.

Mtu atasema: lakini babu zetu walishuka na chukudu bila breki ya Wazungu, na leo chukudu imesimama ya dhahabu kwenye rond-point. Ni kweli, na sisi hatukuja kuisema vibaya. Chukudu ina akili yake. Ni ndefu, karibu mita mbili, mzigo umelala katikati na uko chini. Ukikamata, gurudumu la nyuma linabaki ardhini na linafanya kazi. Kinga ni fupi na iko juu. Ukikamata kwenye mteremko, uzito unakimbilia mbele na gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, linateleza tu. Ndiyo sababu breki ya nyuma peke yake, inayotosha chukudu ikitengenezwa vizuri, haiwezi kutosha kinga. Kinga inaomba breki ya mbele yenye nguvu. Na zile breki za zamani za vyuma, zenye kubana jante ya chuma kwa kipande cha mpira, mvua ikinyesha zinasahau kazi yao. Goma mvua hainyeshi kwa barua ya mwaliko.

Breki ya mafuta, basi. Tulileta sindano mbili za duka la dawa, moja nyembamba na moja nene, tukaziunganisha na tiyo ndogo iliyojaa maji. Mama mmoja akasukuma ile nyembamba kwa kidole. Papa mwenye mikono ya kupasua kuni akajaribu kuzuia ile nene, akashindwa. Mlicheka, lakini breki yote ni hiyo. Mkono wa breki unasukuma pistoni ndogo, mafuta yanapita kwenye tiyo, yanasukuma pistoni kubwa kule chini, na plaketi mbili zinabana sahani ya chuma iliyofungwa kwenye kitovu cha gurudumu. Unachopata kwa nguvu unakilipa kwa mwendo: ile nyembamba inakwenda mbali, ile nene inasogea kidogo. Mfaransa Blaise Pascal aliieleza kanuni hiyo zaidi ya miaka 350 iliyopita, na breki ya gari ndogo inayowapita Kanyaruchinya inaitumia pia.

Kisha tukaacha hewa kidogo iingie kwenye tiyo. Mama akasukuma tena, na kidole kikaingia bure, juu hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Mkishika mkono wa breki na kuusikia laini sawa sponji, ni hewa hiyo.

Anayetaka kujenga kinga ya namna hii nyumbani aangalie kadre na uma wa mbele mbele ya kununua kitu kingine. Lazima viwe na masikio ya kufungia breki, yaliyotoka kiwandani. Kuna mafundi wanaochomelea masikio kwenye uma wa kinga ya zamani. Hapana. Breki ya sahani inavuta mguu mmoja tu wa uma, chini kabisa, na uma ule haukutengenezwa kwa kuvutwa hivyo. Utapinda, ao utakatika, na utakatika siku ya mzigo. Kitovu nacho kiwe na nafasi ya sahani; kwa nyingi ni matundu ya bulo 6. Sahani zinauzwa kwa kipimo: milimita 160, 180, 203. Mbele weka kubwa kadiri kadre inavyoruhusu, juu sahani kubwa inakamata zaidi na inapoa haraka zaidi.

Kufunga si kazi ngumu. Unakaza sahani, bulo moja kisha ile ya kukabiliana nayo, kidogo kidogo, si kuzunguka sawa saa. Unalegeza bulo mbili za kile kibanio cha chini, unakamata mkono wa breki ili kijipange chenyewe juu ya sahani, ukiwa umeshikilia hivyo unakaza tena. Zungusha gurudumu usikilize. Ikisugua upande mmoja, rudia.

Mafuta njo yanaharibu watu. Breki za Shimano na za Magura zinatumia mafuta ya madini. Breki za magari na pikipiki zinatumia kitu kingine, kimeandikwa DOT kwenye chupa, na SRAM kwa miaka mingi ametumia hiyo DOT. Hayo mawili hayaolewani. Ukitia DOT kwenye breki ya mafuta ya madini, ile mipira midogo ya ndani inayozuia mafuta inavimba, inaharibika, na breki inakufa. Kinyume chake ni vilevile. DOT pia inavuta maji kutoka hewani, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa zamani msiinunue hata kwa bei ya rafiki. Na mafuta ya injini, ya kupikia, mawese? Tuliulizwa, hatucheki. Jibu ni hapana kwa yote.

Kutoa hewa, toa plaketi kwanza na uweke kipande cha mbao mahali pao, ili zisipate hata tone. Fungua kule juu kwenye mkono wa breki, funga sindano yenye mafuta kule chini, sukuma polepole. Hewa inapenda kupanda, mwache apande. Ukifika juu bila povu, funga. Plaketi zikipata mafuta, hata ya mikono iliyoshika mawese, zinapiga kelele na hazikamati tena. Mara nyingi dawa ni kutupa. Plaketi mpya nazo hazikamati siku ya kwanza. Tafuta mahali pa usawa, kimbia kidogo, kamata pole, kama mara 20, mpaka usikie zimeanza kushika. Zikibaki na unene wa nusu milimita, badilisha. Tena mkitoa gurudumu, msiguse mkono wa breki, kwa sababu pistoni zitatoka na hazitarudi kwa kidole. Wekeni kijiti kati ya plaketi.

Sasa jibu la swali lenu, na hapa sisi wenyewe tulibishana siku mbili.

Breki ya mafuta ni nzuri kuliko zote tulizozishika. Kidole kimoja kinatosha, mvua haiisumbui sana. Lakini iliumbwa kwa mtu na mkoba wake. Kinga nyingi za kiwandani zina kikomo cha kilo 100 mpaka 150, mtu na mzigo pamoja. Ukiweka gunia mbili za viazi na kushuka bila kupumzisha, mafuta yenyewe yanaweza kuchemka, yanatoa povu, na mkono wa breki unaingia mpaka kwenye usukani bila kukamata kitu. Haikuonyi mapema. Mpira wa kisigino angalau unanuka.

Jambo la pili ni Birere. Kable ya breki utaipata asubuhi yoyote, kwa makuta kidogo, na mtoto wa miaka 12 anajua kuifunga. Chupa ya mafuta ya madini na plaketi za kipimo chako utazitafuta, na wakati unatafuta, shu zinaoza. Iko breki ya sahani inayovutwa na kable, bila mafuta ndani. Inaomba nguvu zaidi ya mkono na kable inaomba kukazwa kila wiki, lakini ikiharibika Kibati utaitengeneza palepale Kibati.

Kwa hiyo tunashauri sanduku lisinunue breki za mafuta kwa wote. Wanachama wanne ambao kinga zao zilikuja nazo, na wanaobeba maziwa na mikate, si makala, wabaki nazo. Kwa ajili yao sanduku linunue chupa moja ya mafuta ya madini, sindano, na plaketi za akiba, zikae kwa fundi wetu wa Munigi. Wanaojenga kinga mpya yenye masikio, sanduku liwakopeshe sahani na kable, mbele na nyuma, walipe kupitia likelemba. Na wenye chukudu, ambao ni wengi kuliko wote na walisahauliwa katika swali lenyewe, tutawatengenezea breki ya ubao bila malipo ya kazi: ubao mrefu wenye bawaba, mguu unakanyaga sentimita 40 kutoka bawaba, mpira unabana gurudumu sentimita 10 kutoka bawaba. Mguu wako unapata nguvu mara nne. Mbao na misumari mlete ninyi.

Tuliomba jambo moja kwa kubadilishana: anayekopa kwenye sanduku kwa kununua mzigo, chombo chake kiangaliwe breki kwanza. Hapo mama mmoja alisimama. “Mwanangu, viazi havingoji. Nikipoteza asubuhi kwa kuangaliwa kinga, bei imeshaanguka, na deni ni langu, si lenu.” Ana haki. Hatukutaka kumjibu kwa maneno matamu. Tumekubaliana kwamba watu wawili wa kikundi watakuwa Kibati kuanzia saa kumi na moja alfajiri, Jumanne na Ijumaa, na hawatasimamisha mtu zaidi ya dakika chache: kanyaga, sukuma, gurudumu likizunguka, hapana. Ambaye breki yake haikamati atatengenezewa palepale ikiwezekana. Ikishindikana, anashuka kwa mguu, akishikilia chombo na mtu mwingine nyuma, na mkopo wake unabaki palepale, hafutiwi.

Papa mwenye mikono ya kuni aliuliza mwishoni, “Hii frein yenu inakamata kweli, ao ni ya kuonyesha tu?” Tulimpa kinga ajaribu kwenye njia ya nyuma ya ukumbi. Alikamata ya mbele peke yake, kwa vidole vinne. Hakuanguka, Mungu asifiwe, lakini usukani ulimgusa kifuani. Kidole kimoja, papa. Na mbele na nyuma pamoja.

Jumamosi ijayo, saa nane, tunaanza na kinga mbili na chukudu tatu, kwenye ukumbi huuhuu. Mje na ufunguo namba 10, kitambaa kisichoguswa na mafuta, na mipira ya zamani ya gari kwa wenye chukudu. Wanaotoka Kibumba, watume jina kwa katibu kabla ya Alhamisi ili tujue mbao ni ngapi.