Maumivu Baada ya Kupasuliwa Tumbo: Maneno ya Kamati ya Afya kwa Wanachama

Sisi wa kamati ya afya hatukuja leo kuomba mchango wa haraka. Kuko neno moja limetukaa moyoni tangu msimu wa mvua, tunataka tuliseme mbele ya wote.

Mama mmoja wetu ametupa ruhusa tueleze habari yake, jina tunaliacha. Alirudi toka kambi ya Lugufu na watoto watatu, wa nne akamzaa hapa kwa kupasuliwa. Mnakumbuka, kila mtu alitoa alichokuwa nacho, tukalipa fakitire ya hospitali mpaka faranga ya mwisho. Tukamshukuru Mungu, tukasema kazi imekwisha. Kumbe bado. Alitoka na kikaratasi cha dawa mkononi, na pesa ya kuzinunua haikuwepo. Akaona haya kurudi kwetu mara ya pili. Akanunua vidonge vinne sokoni, kesho yake vikaisha. Usiku halali, mchana hatembei, kikohozi anakimeza, anapumua juu juu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Siku ya tisa akasikia jirani anasema, "Huyu amejifanya malkia." Akaamka, akabeba bidoni la lita 20 toka kisimani. Kidonda kikafunguka.

Fakitire ya pili ilitutesa kuliko ile ya kwanza. Na sisi wa kamati tunasema wazi: kosa halikuwa la yule mama. Lilikuwa letu. Tulilipia operesheni, hatukuwaza siku zinazofuata.

Kuko sababu tuliikosea. Sisi ni watu waliotembea usiku mpaka ziwani, tukavuka, tukalala chini ya turubai miaka na miaka. Waliorudi kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka tangu 2005 walishuka na magunia kichwani, na wengine na mimba. Mtu aliyepita huko anaona aibu kusema, "Tumbo linaniuma." Tunasifu anayenyamaza. Lakini kidonda cha tumbo hakiangalii uhodari wa mtu. Anayezuia pumzi kwa sababu ya maumivu, uchafu unabaki kifuani, anaweza kupata nimonia. Anayelala tu bila kusogea, damu inaweza kuganda miguuni. Mzazi anayeumia sana hata kumweka mtoto kwenye ziwa kunamshinda. Njo maana tunatuliza maumivu: mtu apate kupumua, kutembea na kunyonyesha. Haiko starehe.

Sasa mtuvumilie tuwaletee habari ya Marekani kidogo. Dada yetu mmoja, aliyechukuliwa Nyarugusu na kwenda kukaa huko, alitutumia sauti kwenye simu. Baada ya kuzaa watoto watano nyama za tumbo zilikuwa zimeachana katikati na ngozi inaning'inia. Madaktari wakamkata ngozi iliyozidi, wakazishona zile nyama zikutane. Tulipomsikiliza tulicheka, tusiwafiche. Mama mmoja akasema, "Sisi tunapasuliwa ili mtoto atoke, yeye anapasuliwa ili nguo ikae vizuri!" Halafu dada akaanza kueleza namna alivyofundishwa kutunza maumivu, na kicheko kikakatika. Kila kitu alichofundishwa kingemfaa yule mama yetu, na hakuna hata kimoja kilichohitaji mashine.

Alifundishwa kuamka. Usinyanyuke wima kama unayetoka mkekani kwenda shamba. Piga magoti yako juu ukiwa umelala, geuka ubavu, teremsha miguu, halafu jisukume kwa mkono. Tumbo halifanyi kazi, mkono ndio unafanya. Alifundishwa kukohoa: chukua mto, au kitenge kilichokunjwa mara nyingi, kibane juu ya kidonda kwa mikono miwili, ndipo ukohoe, au upige chafya, au ucheke. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu mara kadhaa. Siku za kwanza alilala mgongo umeinuliwa na mito, magoti yamekunjwa kidogo, na alitembea ameinama kama bibi kizee kwa sababu ngozi yake ilivutwa sana. Mama aliyepasuliwa kwa uzazi hana haja ya kuinama hivyo, lakini kutembea polepole tangu siku ya kwanza au ya pili, kwa ruhusa ya muuguzi, ni kwa wote. Kunasaidia pia ile hewa inayojaa tumboni na kuchoma kama kisu.

Upande wa dawa tuseme polepole, maana hapa njo tunakosea wengi. Siku za kwanza usingoje maumivu yapande. Yakishapanda, kuyateremsha ni kazi. Mtu mzima ambaye si mwembamba sana na hana ugonjwa wa ini anaweza kupewa parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Vidonge vinane kwa siku nzima, usipite hapo, na uangalie dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani. Mganga anaweza kuongeza ibuprofeni, inayonywewa baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au presha iliyopanda wakati wa mimba amwambie kwanza. Na usichanganye ibuprofeni na diklofenaki, hizo ni ndugu wa baba mmoja: ukimeza zote mbili hupati nafuu mara mbili, unapata tumbo kutoka damu. Dawa hizo mbili, parasetamoli na ibuprofeni, haziwakatazi wamama kunyonyesha.

Tramadoli ni habari nyingine. Tunajua inauzwa kwenye vibanda, tena vijana wanaimeza ili wabebe mizigo. Mama anayenyonyesha asiinunue mwenyewe. Inaweza kupita kwenye maziwa, mtoto akasinzia kupita kiasi na pumzi ikapungua. Nayo inafunga choo, na kujikamua chooni kwa mwenye mshono ni adhabu. Maji mengi, papai na lenga-lenga vinasaidia.

Bibi zetu watatusamehe. Kukanda tumbo kwa maji ya moto, hapana, si juu ya mshono. Majivu na majani juu ya kidonda, hapana. Kufunga tumbo kwa kitenge tunakubali, kunapunguza maumivu wakati wa kutembea, ila kisibane mpaka pumzi ishindwe. Na kubeba: kwa wiki sita usibebe kizito kupita mtoto wako mchanga. Bidoni la lita 20 ni kilo 20. Mwaniko wa muhogo tusiutaje.

Kuko maumivu ya kupona na kuko maumivu ya kuita. Yakipungua kila siku, hata polepole, ni ya kupona. Yakiwa yamepungua halafu yakarudi kwa nguvu, mtu apelekwe hospitali. Vilevile homa, kidonda kuwa chekundu na cha moto, usaha au harufu, tumbo kuwa gumu pamoja na kutapika, damu nyingi ukeni, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata. Usiku pia. Atafutwe mwenye pikipiki, habari ya nauli tutaijua kesho.

Wababa, tunawageukia sasa. Baba mmoja alituambia, "Nilimnunulia kuku, nikafikiri nimemaliza." Asante kwa kuku. Lakini nani alichota maji? Kule Marekani dada yetu alipikiwa na kanisa wiki tatu. Hapa tuna watu wengi kuliko yeye, mtaa mzima, na mama bado alienda kisimani peke yake.

Kwa hiyo tunaleta ombi kwenye mkutano mkuu. Kila mwanachama au mke wa mwanachama akipasuliwa tumbo, iwe uzazi, iwe ngiri, mfuko ulipe pamoja na fakitire dawa za maumivu za siku kumi. Tumeuliza kwenye duka la dawa: hazifikii bei ya jogoo mmoja mkubwa. Na kila mtaa uandike majina ya watu sita watakaochota maji kwa zamu, wababa wakiwemo. Wafadhili wetu, tunajua operesheni ndiyo inayoonekana kwenye ripoti. Tunawaomba mkubali pia mstari mdogo ulioandikwa "parasetamoli na maji".

Yule mama yuko hapa leo, amekaa karibu na mlango. Mshono umefunga. Ndiye aliyeshona mito miwili ya kukoholea kwa vipande vya vitenge vyake. Iko kwa mama mweka hazina. Anayehitaji aende achukue, na akiirudisha iwe imefuliwa.