Sababu za Maradhi ya Ghafula ya Kongosho



Tumetakiwa tuseme juu ya maradhi ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa chango au vidonda vya tumbo, nayo ni uvimbe wa ghafula wa kongosho. Kongosho limelala nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo. Hutoa insulini itawalayo sukari mwilini, na pia maji makali ya kusaga chakula. Maji hayo yakianza kazi kabla ya kufika utumboni, hukigeukia kiungo chenyewe na kukila. Ndipo mtu hushikwa na maumivu chini ya chembe cha moyo, yakipenya hadi mgongoni, na kutapika kusikompa nafuu. Wengi hupona kwa siku chache wakitiwa maji mishipani na kupewa dawa ya maumivu; lakini yapata mmoja katika watano huugua vibaya, na wengine hufa. Si ugonjwa wa kungojea nyumbani kwa kukandwa.

Sababu kubwa duniani ni mbili, vijiwe vya nyongo na pombe. Huku kwetu, toka Kilifi hata Malindi, penye minazi na wagema, ya pili ndiyo isemwayo kwanza, na hapo tunaona dhuluma. Mama asiyepata kuonja mnazi maishani mwake, akiambiwa kongosho limevimba, majirani huanza kunong'ona. Kijiwe cha nyongo hakimwulizi mtu dini wala mwendo wake. Kikishuka, huweza kuziba mlango ule ambao nyongo na maji ya kongosho huingilia utumboni.

Tena pwani yetu ina jambo lake, nalo ni selimundu. Chembe nyekundu za damu za mwenye selimundu huvunjika upesi, na rangi itokayo humo hugandamana ikawa vijiwe, hata kwa kijana mdogo. Basi mtoto wa namna hiyo akilia tumbo, isidhaniwe daima kuwa ni maumivu yake ya kila siku.

Hatusemi haya ili kuwatetea walevi. Anywaye kwa wingi miaka mingi hujiharibia kongosho, na mbele ya kiungo hicho mnazi, bia na chang'aa ni mamoja. Ziko na sababu nyingine: mafuta yaliyozidi mno katika damu, kalsiamu nyingi, matumbwitumbwi, pigo la tumbo kama aangukapo mgema, na kwa nadra mnyoo mkubwa upandao ndani ya mfereji.

Sasa tuje kwenye dawa, ambazo wengi wetu hatukuzidhania. Ni sababu ya wachache, pengine chini ya mmoja katika ishirini. Hata hivyo zinajulikana: valproeti ya kifafa, azathioprini, na furosemidi ya kupunguza maji mwilini. Didanosini, iliyotumiwa miaka ya nyuma dhidi ya virusi vya UKIMWI, ilikuwa na sifa mbaya kwa jambo hili.

Dawa haihukumiwi kwa kudhani. Daktari hutazama kwanza vijiwe kwa picha ya altrasaundi, huuliza habari za pombe, hupima mafuta na kalsiamu katika damu. Asipoona kitu, huuliza dawa ilianza lini na maumivu yalianza lini, na kama yalitulia ilipoachwa. Yakirudi dawa irudishwapo, ushahidi huwa mzito kuliko wote. Lakini mgonjwa hajaribiwi hivyo kwa kusudi ila pasipo na dawa nyingine ya kumfaa.

Kazi hiyo yote huharibika mgonjwa akificha. Mzee huona haya kutaja kileo mbele ya mwanawe aliyemsindikiza; mwingine hasemi vidonge alivyonunua dukani, wala mizizi aliyopewa na mganga. Twawaomba wazee wamtoe kijana nje, waseme na daktari peke yao. Na vyote vinywewavyo vichukuliwe hospitali katika mfuko mmoja, pamoja na makaratasi yake.

Kifafa si kigeni Kilifi. Watafiti wa KEMRI, walioanza kazi hapo mwaka 1989, wamekichunguza sana. Kwa hiyo atumiaye valproeti asiiache kwa kuyasikia maneno yetu, kwani kifafa huweza kumrudia kwa nguvu, naye yu mekoni au kisimani. Akishikwa na maumivu tuliyoyaeleza, aende hospitali siku hiyo hiyo na chupa yake mkononi, na daktari ndiye atakayembadilishia.