Siri Kwanza, Maonyesho Baadaye

Hataza ni haki ya kisheria. Humwezesha mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Hutolewa kwa kitu kipya tu, na kilichokwisha kuonyeshwa hadharani huenda kisihesabiwe kuwa kipya. Kwa hiyo, siri kwanza, maonyesho baadaye. Fundi aliyeunda mashine ya kupukuchua mahindi, akaifungua mbele ya watu kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane kabla ya kuomba hataza, anaweza kuikosa haki hiyo.

Mvumbuzi mwenye fedha kidogo aanze na hatua zisizo na gharama kubwa. Achore kila sehemu ya kifaa. Aandike kinavyofanya kazi. Aweke tarehe. Anayelazimika kukiona asaini kwanza mkataba wa kutunza siri. Kisha atafute kwenye Patentscope, hazina ya bure mtandaoni ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO), kama yupo aliyemtangulia.

Kwa Tanzania Bara, maombi hupelekwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Kwa uboreshaji mdogo wa kifaa, sheria ina cheti chenye masharti mepesi kuliko ya hataza. Mvumbuzi akiulizie.

Kila msikilizaji mwenye uvumbuzi akumbuke: siri kwanza, maombi pili, maonyesho mwisho.