Viza ikifutwa mpakani: tuombe karatasi, tusirudi kimya

Maneno tuliyosema mbele ya vijana, komine ya Mangobo, Kisangani



Tunawashukuru ninyi mliokuja kwa miguu, na ninyi mliolipa toleka toka Kabondo na Makiso. Wa Lubunga, tunajua mlivuka mto. Leo hatutasema juu ya umeme wala barabara. Tuko na neno moja ambalo watu wengi wa hapa wanalificha: mtu anapata viza, anapanda ndege, anafika, na pale mpakani wanamfutia ile viza na kumrudisha.

Mmoja wetu alipitia ile njia. Yaya wake anayeishi Ulaya alimwalika wiki tatu. Familia iliuza pikipiki ya baba mdogo. Alikaa Kinshasa siku nyingi ju ya viza, maana balozi ziko kule. Alipofika, ofisa akamuuliza: "Umekuja kufanya nini?" Akajibu kwa adabu ya kwetu: "Kumsalimia yaya, na kumsaidia kidogo dukani." Sisi wote tungejibu vile. Si tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Lakini kule, kusaidia dukani ni kufanya kazi, na viza ya matembezi hairuhusu kazi. Wakaandika. Wakamletea karatasi, akatia sahihi bila kusoma. Kashe ikapigwa juu ya viza. Kesho yake alikuwa ndani ya ndege ya kurudi.

Aliposhuka Bangoka, watu wakamuuliza: "We, mbona umerudia mbio hivi?" Akasema: "Nilikuwa mgonjwa." Alisema vile miezi sita. Na sisi, tuseme ukweli, tulimcheka pembeni. Katika ile miezi sita, kijana mwingine wa kartie ileile alisafiri. Akaulizwa swali lilelile, akajibu vilevile, naye akarudishwa. Hakuna mtu aliyemwambia kitu. Wa kwanza aliona haya, na ile haya tulimpa sisi kwa kicheko chetu. Ndiyo maana leo tunasema wazi.

Tuanze na lililo gumu. Viza haikupi haki ya kuingia. Inakupa ruhusa ya kufika mlangoni na kuomba. Sheria ya nchi za Schengen inasema hivyo waziwazi, na Marekani ni vilevile. Ofisa wa mpakani anaweza kukuuliza tena yote uliyoulizwa ubalozini: unakwenda kwa nani, utalala wapi, uko na feza ngapi, utarudi lini. Kwa hiyo barua ya mwaliko, tiketi ya kurudi na adresi visikae ndani ya valizi kubwa. Vikae mkononi. Na mwenyeji wako ajue utasema nini, maana wanaweza kumpigia simu.

Lakini sheria ileile inamfunga ofisa pia. Katika nchi za Schengen, akikuzuia kuingia lazima akupe uamuzi ulioandikwa, kwenye fomu yenye sababu zilizopangwa kwa herufi. E ni kwamba huna makaratasi ya kuonyesha kwa nini umekuja na utaishi namna gani. G ni kwamba feza haitoshi. Viza ikifutwa, hilo pia linaandikwa na sababu yake. Unatia sahihi, na kopi ni yako. Uko na haki ya kukata rufaa, na lazima wakuonyeshe kwa maandishi mahali pa kumpata mtu wa kukutetea. Tusidanganyane: rufaa haizuii wakurudishe siku ile. Lakini ukishinda, yale yaliyoandikwa juu ya kukuzuia yanasahihishwa. Bila karatasi, utakata rufaa juu ya nini?

Marekani kuna njia mbili, na hazifanani. Ofisa anaweza kukuruhusu uondoe mwenyewe ombi lako la kuingia. Viza inafutwa, unarudi. Ao anaweza kuandika amri ya kukuondoa, na ile amri inakufungia mlango miaka mitano. Kuondoa ombi si haki yako, ni yeye anayekubali, lakini unaweza kuomba. Maneno yako yanaandikwa na unaambiwa utie sahihi. Usitie sahihi juu ya kitu usichosoma. Omba mtafsiri: Kifaransa, Kiswahili ao Lingala. Wakikufungia, omba ubalozi wetu ujulishwe. Mapatano ya Vienna ya 1963 yanakupa haki hiyo. Na kama kurudi ni hatari kwa maisha yako, sema palepale.

Ukirudi, usifiche. Fomu ya viza nyingi inauliza kama uliwahi kukataliwa. Kusema uongo pale ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

Wakati mwingine kosa si lako kabisa. Tarehe 5 Aprili 2025, Marekani ilitangaza kufuta viza zote za watu wenye paspoti ya Sudani Kusini, ju ya ugomvi kuhusu mtu mmoja ambaye Juba ilikataa kumpokea ikisema ni Mkongomani. Nchi nzima, kwa mtu mmoja.

Na kwetu hapa je? Tarehe 15 Machi 2015, vijana wa Y'en a marre wa Senegali na wa Balai Citoyen wa Burkina Faso walikuja Kinshasa kama wageni, kuongea na vijana wenzao siku Filimbi ilipozaliwa. Walikamatwa kule Masina. Siku tatu baadaye wakafukuzwa nchini. Fred Bauma na Yves Makwambala, wenyeji, walibaki gerezani mpaka Agosti 2016. Hatuwezi kulia juu ya ofisa wa Ulaya na kunyamaza juu ya wageni wetu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. DGM ikimfutia mgeni viza, impe sababu kwa maandishi na njia ya kulalamika. Na balozi zetu zijibu simu ya Mkongomani aliyezuiwa kwenye uwanja wa ndege, hata saa nane ya usiku.

Na ninyi, wa Mangobo, wa Tshopo, wa Lubunga: mwenye kurudishwa si mhalifu. Mpokeeni Bangoka kama mlivyomsindikiza. Kisha mwombeni alete ile karatasi, tukae chini tuisome pamoja, kabla mwingine hajapanda ndege.