Neno la Kamati ya Fedha Siku ya Harambee

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, wana-Ukerewe wenzetu wa hapa Nansio na mliovuka na feri kutoka Mwanza,

Sisi wa kamati ya fedha kazi yetu ni hesabu, lakini leo tunaanza na bahari. Wengi huuliza: tumezungukwa na ziwa, ukame unatoka wapi? Unatoka mbali. Bahari ya Hindi ikipata joto kuliko kawaida upande wa Afrika Mashariki, mvuke huongezeka na vuli yetu huwa nzuri. Upande huu ukipoa, joto likawa upande wa Indonesia, unyevu huelekea huko, nasi tunabaki kutazama mawingu. Pasifiki nayo ina mkono wake: Elinino mara nyingi hutuongezea mvua, Lanina hutupunguzia.

Mmeyaona wenyewe. Elinino ya 1997 ilileta mafuriko. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto sana upande wetu, na kufikia Mei 2020 ziwa lilikuwa limepanda na kumeza fukwe. Mwaka 2022 Lanina ilikuwa ya tatu mfululizo, na vuli ikaja haba.

Hapo ndipo tulipokosea. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwishatangaza kabla ya msimu kwamba mvua zingekuwa chache. Sisi tukaanza kuchanga Desemba, mashamba yamekwisha kauka. Tukanunua mahindi bei ikiwa juu, na baadhi ya ndugu zetu walikwisha kula hata mbegu.

Ombi letu ni hili. Theluthi ya michango ya leo iwekwe kwenye akaunti yake, isiguswe mpaka utabiri wa vuli utoke. Ukionyesha mvua chache, tununue mapema pingili za mihogo, marando ya viazi, matangi ya kuvunia maji shuleni, na mahindi yakiwa bado na bei ya mavuno. Ukionyesha mvua nyingi, tuzibue mitaro na kuimarisha vyoo vya mwaloni. Utabiri unaweza kukosea, ila tangi na mihogo havitatutupa mkono. Matumizi yote yatasomwa hapa mwakani, pamoja na risiti.

Wahenga walisema akiba haiozi. Tuiweke kabla jua halijawaka.